Simu kuwaka ni jambo moja, kukubalika ni jingine

Niambie ukweli: ushawahi kuamka saa nane usiku kuangalia kama kompyuta imemaliza kazi? Mimi nimewahi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, lakini Android haijawahi kuniuliza cheti. Msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuupakua na kujijengea mfumo wake.

Shangazi yangu wa Nuu, kule Kitui, alikuwa na simu nzee isiyopata tena masasisho. Nikajitia fundi. "Nitakuwekea Android mpya," nikamwambia. Usijaribu na kilaptopu chako lakini: mwongozo rasmi siku hizi unataka diski yenye nafasi ya GB 400 na RAM ya GB 64. Nilikodi kompyuta ya mbali, nikaiacha ichape kazi usiku kucha.

Nikauweka mfumo, nikaongeza huduma za Google juu yake, simu ikawaka. Kasoro moja tu: kamera ilikataa. Badala ya kutafuta kiini, nikashika njia ya mkato. Ndani ya Android kuna mlinzi anayeitwa SELinux, anayeamua programu gani iguse nini. Nikambadilisha awe anaandika makosa tu bila kumzuia yeyote. Kamera ikafunguka. Nikajiona mkali.

Wiki moja baadaye shangazi akapiga. "Mwanangu, benki imenifungia."

Pesa za ndengu zilikuwa kwenye akaunti, vibarua wanangoja, na app ya benki inasema simu si salama. M-Pesa kwenye menyu ya laini ilifanya kazi kama kawaida kwa sababu haitegemei app, lakini pesa hazikuwa huko.

Hapo ndipo nilisoma nilichopaswa kusoma mwanzo. Kila toleo la Android lina waraka wake unaoitwa CDD. Unaeleza kile ambacho simu lazima itimize ndipo ihesabiwe kuwa inapatana na Android, ili app iliyoandikwa Nairobi ifanye kazi vilevile kwenye simu ya Nuu. Sharti mojawapo: SELinux lazima izuie, si kuonya tu. Halafu kuna CTS, rundo la majaribio ya bure. Unaunganisha simu na kompyuta, unayaendesha, yanakuonyesha ulipofeli. Mimi sikuwa nimeendesha hata moja.

Na kuna ngazi ya tatu. Msimbo ni huria, ila Play Store na huduma za Google si huria. Zina leseni, na kampuni inayoitaka lazima simu yake ifaulu majaribio kwanza. App nyingi za benki huuliza huduma hizo: simu hii imeidhinishwa? Kufuli yake ya kuwashia imefungwa? Yangu niliifungua mwenyewe ili niingize mfumo wangu. Kwa hivyo hata ningeitengeneza kamera kwa njia halali, jibu lingebaki hapana.

Nikapanda matatu hadi Mwingi, kisha Nuu. Nikahifadhi picha zake, maana kufunga kufuli hufuta kila kitu, nikarudisha mfumo wa kiwandani. Jioni vibarua wakalipwa. Shangazi akanipa chai, akasema: "Ukitaka kujifunza kunyoa, anza na kichwa chako."

Basi nawe, boss, jenga. Usiogope. Ila tafuta simu ya ziada, isiyobeba pesa ya mtu. Soma CDD kabla ya kugusa msimbo, endesha CTS kabla ya kujisifu, na kitu kikikataa, usimfukuze mlinzi. Mwandikie sheria inayoruhusu kitu hicho kimoja tu. Mimi nimeanza upya na simu yangu kuukuu. Kamera bado haijakubali, lakini safari hii mlinzi yuko kazini.