Gundi ya meno: kwa nini kijazio hushika, na kwa nini huachia

Nchi zilizoridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ziliafikiana mjini Geneva, mwezi Novemba mwaka 2025, kwamba matumizi ya amalgamu katika kuziba meno yakome ifikapo mwaka 2034. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kutangulia: huko marufuku ilianza tarehe 1 Januari mwaka huo huo, isipokuwa pale daktari anapoona kwamba hali ya mgonjwa hairuhusu njia nyingine.

Kwa hivyo mchanganyiko huo wa zebaki na madini ya fedha, uliotumika kuziba meno kwa zaidi ya miaka 150, unaelekea ukingoni. Nafasi yake inachukuliwa na vijazio vyeupe vinavyofanana na rangi ya jino. Wengi huyapokea mabadiliko haya kama suala la urembo tu. Hata hivyo, kilichobadilika hasa ni namna kijazio kinavyokaa kinywani, na hilo ndilo mara nyingi huamua kama jino litadumu au litang'olewa.

Amalgamu haishikani na jino. Hukaa mahali pake kwa sababu ya umbo la tundu, ambalo daktari hulichimba liwe pana chini na jembamba juu, mithili ya mtungi. Ili kulipata umbo hilo hulazimika mara nyingi kukata hata sehemu ambayo haikuoza. Kijazio cheupe hakihitaji mtungi, kwani hicho hubandikwa. Daktari huondoa palipooza na kuacha palipo pazima. Lakini kitu kilichobandikwa hutegemea gundi yake, na gundi ya meno ina masharti mengi.

Jino lina tabia mbili

Ugumu wa kazi hii unatokana na jino lenyewe. Tabaka la nje, liitwalo enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, na maji yaliyomo ni machache mno.

Chini yake ipo dentini. Hiyo ina madini kiasi cha asilimia 70, na kilichobaki ni maji pamoja na nyuzi za kolajeni, protini ambayo hupatikana pia katika ngozi na mifupa. Aidha, dentini imetobolewa na vijibomba vyembamba visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu katika kila milimita moja ya mraba, vinavyotoka kwenye kiini cha jino penye neva na mishipa ya damu. Vijibomba hivyo vimejaa majimaji, na majimaji hayo yanapotikiswa neva huhisi. Ndiyo maana mtu aliyetoboka jino hushtuka kwa maumivu anapokunywa maji ya baridi.

Fundi yeyote anajua kwamba gundi haipendi unyevu. Dentini iliyo hai ni ukuta usiokauka.

Asidi kutoka viwandani

Jibu la kwanza lilipatikana mwaka 1955 mjini Rochester, katika jimbo la New York nchini Marekani. Daktari wa meno Michael Buonocore alifahamu kwamba viwandani nyuso za chuma hupakwa asidi ya fosforasi kabla ya kutiwa rangi, ili rangi ishike vyema. Akajaribu kuitendea enameli vivyo hivyo. Alipaka asidi hiyo, ikiwa na nguvu ya asilimia 85, kwa muda wa nusu dakika, akaisuuza, kisha akaweka akriliki juu yake. Akriliki hiyo ilishika kwa muda mrefu zaidi kuliko ile iliyowekwa kwenye jino lisilopakwa asidi.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Asidi hula madini ya enameli kidogo na bila usawa, ikaacha vijishimo vingi sana. Resini, yaani plastiki ikiwa bado majimaji, huingia katika vijishimo hivyo na kuganda humo, mfano wa mizizi ya mti iliyopenya katika nyufa za mwamba. Siku hizi hutumika asidi yenye nguvu ya asilimia 35 hadi 40, kwa sekunde 15 hadi 30. Ikisuuzwa na kukaushwa, enameli huonekana nyeupe kama chaki, na hiyo ni ishara kwa daktari kwamba kazi imekwenda sawa. Mshiko unaopatikana una uwezo wa kuhimili mvuto wa takriban kilo 2 kwa kila milimita moja ya mraba.

Mwaka 1962 mtafiti Rafael Bowen, Mmarekani, alipata hataza ya resini mpya iliyokuwa imara kuliko akriliki. Ikichanganywa na unga laini wa glasi au silika, ndiyo asili ya vijazio vyeupe vinavyotumika leo.

Wavu majini na wavu mchangani

Enameli ikawa imepata dawa yake. Dentini ilichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa madaktari wengi walihofia kwamba asidi ingepenya kwenye vijibomba na kuua kiini cha jino. Mwaka 1979 Profesa Takao Fusayama wa Tokyo alionyesha kwamba enameli na dentini zinaweza kupakwa asidi kwa pamoja, ingawa nchi za Magharibi zilichukua miaka kadhaa kukubaliana naye.

Mwaka 1982 Mjapani mwenzake, Nobuo Nakabayashi, alieleza kinachotokea. Asidi inapoondoa madini ya juu ya dentini, nyuzi za kolajeni hubaki zikiwa tupu, kama nondo zilizosimama kabla ya kumwagiwa zege. Resini ikipenya katikati ya nyuzi hizo na kuganda, hutokea tabaka jipya ambalo si jino tupu wala si plastiki tupu. Unene wake ni mikromita chache tu. Tabaka hilo mseto ndilo linalobeba kijazio.

Hapo ndipo penye mtego. Nyuzi za kolajeni zilizovuliwa madini hufanana na wavu wa mvuvi. Ukiwa majini, wavu hutanuka na matundu yake huwa wazi; ukitupwa mchangani juani, hujikunja na kulaliana. Daktari akiipuliza dentini hewa mpaka ikauke kabisa, wavu hulala na resini haipati pa kupenya. Akiacha maji mengi, resini huchanganyika na maji na haigandi ipasavyo. Kinachotakiwa ni unyevunyevu tu, uso unaong'aa kidogo bila dimbwi. Kwa sababu hiyo gundi nyingi huwa na alkoholi au asetoni, ambazo huyafukuza maji kisha zenyewe zikayeyuka hewani.

Ili kupunguza makosa, watengenezaji walibuni gundi zenye asidi ndani yake, ambazo hazihitaji kusuuzwa. Baadhi zina kemikali iitwayo MDP, iliyobuniwa Japani katika miaka ya mwanzo ya 1980, ambayo hushikana moja kwa moja na kalsiamu ya jino. Gundi hizo ni nyepesi kutumia na hupunguza maumivu baada ya kuzibwa. Udhaifu wake ni kwamba asidi yake, ikiwa ndogo, haiichimbi enameli vya kutosha. Kwa hiyo madaktari wengi huipaka enameli pekee asidi ya fosforasi kwanza, halafu hutumia gundi hiyo kwa jino zima.

Maadui wa gundi

Adui wa kwanza ni mate. Enameli iliyokwisha kupakwa asidi ikiguswa na mate, protini zake huziba vijishimo katika muda mfupi sana, na kazi hulazimika kurudiwa. Damu ya ufizi nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo sababu baadhi ya madaktari hulifunika jino kwa kitambaa cha mpira, likachomoza peke yake. Mgonjwa huona ni usumbufu, lakini manufaa ni yake.

Adui wa pili ni kusinyaa. Resini inapogandishwa kwa taa ya buluu hupungua ujazo kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Daktari akijaza tundu kubwa kwa mkupuo mmoja, kijazio huvuta kuta za jino na huweza kubanduka pembeni, pakapenya vijidudu. Kwa hiyo inafaa kujaza kwa tabaka nyembamba za takriban milimita 2, kila moja ikimulikwa peke yake, isipokuwa kwa resini zilizotengenezwa maalumu kwa kazi ya tabaka nene. Taa yenyewe nayo ina siri: inaweza kuwaka vizuri machoni ilhali nguvu yake imepungua, na resini ikaganda juu huku chini ikiwa bado laini.

Adui wa tatu yuko jikoni. Karafuu, ambayo watu wa Pwani na Visiwani huiweka kwenye jino linalouma, ina mafuta yaitwayo yujeno. Mafuta hayo hutuliza maumivu kweli, na madaktari wenyewe huyachanganya na unga wa zinki kutengeneza kijazio cha muda. Lakini yujeno huzuia resini isigande. Mgonjwa aliyetumia mafuta ya karafuu, au aliyewahi kuwekewa kijazio cha muda chenye mafuta hayo, yafaa amweleze daktari ili tundu lisafishwe sawasawa. Vivyo hivyo kwa aliyeyang'arisha meno kwa dawa za kuyafanya meupe: hushauriwa kusubiri wiki moja hadi mbili, kwa sababu oksijeni inayobaki katika jino hudhoofisha mshiko.

Zaidi ya hayo, gundi huchakaa. Maji ya kinywani huivunja polepole, na jino lenyewe lina vimeng'enya vinavyokula nyuzi za kolajeni ambazo resini haikuzifikia. Kijazio kilichowekwa vyema hudumu miaka mingi, lakini hakuna kinachodumu milele.

Maji ya Bonde la Ufa

Kwa watu waliokulia Arusha, Kilimanjaro, Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, liko jambo la ziada. Maji ya maeneo hayo mara nyingi yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, WHO. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake yanaumbika huota meno yenye madoa ya kahawia.

Uso wa enameli ya namna hiyo huikinza asidi. Muda wa kawaida wa kupaka unaweza usitoshe, na mara nyingi hupendekezwa kuuongeza au kuusugua uso wa juu kwanza. Daktari wa London au Muscat ambaye hajazoea kuwaona wagonjwa hao huenda asitambue sababu ya kijazio kubanduka mara kwa mara. Ni vyema mgonjwa amtajie mahali alipokulia.

Saruji isiyohitaji umeme

Taa, kompresa na chupa za gundi zinazohitaji kutunzwa mbali na joto ni mambo ambayo zahanati nyingi za vijijini hazina. Kwa mazingira hayo ipo njia nyingine, nayo ina historia katika Afrika Mashariki.

Mwaka 1972 wanakemia wawili wa Uingereza, Alan Wilson na Brian Kent, walitangaza saruji iitwayo glasi ayonoma. Ni unga wa glasi unaochanganywa na asidi laini. Asidi hiyo hushikana na kalsiamu ya jino bila gundi nyingine, huganda bila taa, huvumilia unyevu kuliko resini, na hutoa floridi kidogo kidogo.

Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake waliokuwa wakifanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza nchini Tanzania kuziba meno kwa zana za mkono pekee. Palipooza huchokolewa kwa kijiko kidogo cha chuma, bila keekee na mara nyingi bila sindano ya ganzi, kisha tundu hujazwa saruji. Baadaye glasi ayonoma ndiyo iliyokuja kuwa saruji ya njia hiyo, ambayo ilifanyiwa majaribio Thailand na Zimbabwe, na WHO ikaitambulisha kwa ulimwengu katika Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994. Mwaka 2021 glasi ayonoma iliingizwa katika orodha ya WHO ya dawa muhimu.

Saruji hiyo ina mipaka yake. Katika tundu dogo la upande mmoja wa jino hufanya kazi nzuri. Katika tundu kubwa linalozunguka pande mbili au tatu, huvunjika na kulika mapema zaidi kuliko resini.

Kabla ya kung'oa

WHO ilikadiria mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 2 duniani wana meno ya ukubwani yaliyooza. Katika Afrika Mashariki wengi wao hufika kwa daktari wakiwa wamechelewa, na hutoka jino likiwa limeng'olewa. Kung'oa humaliza maumivu siku hiyo hiyo na ni nafuu kwa mfuko. Lakini meno ya jirani huanza kuinama kuelekea pengo, jino la taya ya pili hushuka au kupanda, na kutafuna huhamia upande mmoja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jino, ufa huzibika kwa gharama ndogo ukiwa ungali katika enameli au umegusa dentini kidogo tu, kwani hapo gundi hupata pa kushika. Uozo ukifika karibu na kiini, dentini huwa na vijibomba vingi na vipana zaidi, unyevu huongezeka, na mshiko hupungua.

Mgonjwa aliyeambiwa kwamba jino lake litazibwa ana haki ya kuuliza mambo matatu: litajazwa kitu gani, kwa nini hicho na si kingine, na mate yatazuiwaje wakati wa kazi. Na kijazio kikibanduka, asisubiri maumivu yarudi. Jino lililo wazi huendelea kuoza hata lisipouma, na kila wiki inayopita humwachia daktari sehemu ndogo zaidi ya kubandikia.