Kampeni Zinazomfaa Mhusika Mpanda Farasi

Katika michezo ya kuigiza ya mezani, hakuna mhusika anayetegemea uwanja kama yule anayepigana akiwa juu ya farasi. Mchawi huenda na uchawi wake hata chini ya ardhi, na mwizi hupenya popote penye ufa. Mpanda farasi akikosa nafasi ya kukimbia hugeuka askari wa miguu aliyebeba silaha isiyomfaa. Ndiyo maana kampeni, yaani mfululizo wa hadithi utakaochezwa, huchaguliwa kwanza, au angalau huchunguzwa, kabla ya mhusika wa aina hii kuandikwa kwenye karatasi.

Ukubwa wa nafasi inayohitajika unaweza kupimwa. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka 2014, farasi wa vita hukimbia futi 60 kwa zamu moja, wakati binadamu huenda 30. Farasi anayeongozwa na mpandaji wake hutumia zamu hiyo kwa moja kati ya mambo matatu: kuongeza mbio, kukwepa mapigo, au kujitoa vitani bila adui kupata nafasi ya kumpiga anapoondoka. Hilo la tatu ndilo lenye utamu wote. Mpandaji mwenye mkuki mrefu wa farasi, unaofika futi 10, aanze futi 40 kutoka kwa adui. Farasi anasogea futi 30, mkuki unapiga, farasi anajitoa na kurudi futi 30 zilizobaki. Adui wa miguu mwenye upanga akimfuata kwa mwendo wake wote, bado zitabaki futi 10 kati yao, na upanga hufika 5 tu. Itabidi akimbie bila kupiga, au arushe kitu.

Mbinu hiyo huhitaji mstari mnyoofu wa miraba minane ya ubao wa kuchezea. Ndani ya chumba cha futi 20 kwa 20 haiwezekani kabisa. Tena, mkuki huohuo hupiga vibaya adui aliye ndani ya futi 5: mchezaji hurusha dadu mbili na kulazimika kuchukua iliyo ndogo. Farasi mwenyewe hukalia eneo la futi 10 kwa 10. Katika ujia wa futi 5 hupita kwa kujibana, akitumia mwendo mara mbili, na kila anayemshambulia hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Ngazi za kamba na visima havipitiki kwake hata kidogo.

Kwa kipimo hicho, kampeni nyingi maarufu hujiondoa zenyewe. Dungeon of the Mad Mage ya 2018 ni ghorofa 23 za mahandaki chini ya mji wa Waterdeep. Out of the Abyss ya 2015 huwaanzisha wahusika wakiwa wafungwa chini ya ardhi, bila hata silaha zao. Waterdeep: Dragon Heist hufanyika mjini, ambako farasi ana njia ya kupita lakini mambo yenyewe huamuliwa ndani ya nyumba na vilabu.

Kinyume chake ni Kingmaker, kampeni ya mchezo wa Pathfinder iliyochapishwa na Paizo mwaka 2010 kwa vitabu sita. Wahusika hupewa nchi pori iliyogawanywa kwenye ramani kuwa maumbo ya pembe sita, kila moja likiwa na upana wa maili 12, waichunguze, waisafishe, kisha waanzishe ufalme wao. Hapo farasi ana kazi hata siku isiyo na vita, kwa sababu mwendo wake ndio unaoamua eneo gani litafikiwa kwanza. Mwaka huohuo Paizo ilitoa kitabu chenye tabaka la mpiganaji wa farasi anayekuwa na mnyama wake tangu ngazi ya 1, na ni vigumu kupata kampeni na tabaka vinavyofaana zaidi.

Hata hivyo, uwanja mpana peke yake hautoshi. Maadui nao watazamwe. Kipaji cha upiganaji wa farasi katika toleo la tano humruhusu mpandaji kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, lakini dhidi ya adui asiye juu ya mnyama na aliye mdogo kuliko farasi tu. Storm King's Thunder ya 2016 ina nchi tambarare na barabara ndefu za kaskazini, ila maadui wake wakuu ni majitu, nayo yote yanamzidi farasi kwa ukubwa. Mchezaji atakimbia atakavyo, na faida kubwa ya kipaji chake italala.

Jambo la tatu ni uhai wa mnyama. Farasi wa vita ana pointi 19 za uhai na bei yake ni vipande 400 vya dhahabu. Mpira wa moto wa mchawi, unaoanza kuonekana wahusika wakifika ngazi ya 5, huumiza kwa wastani pointi 28. Farasi asiyeukwepa hufa papo hapo. Kipaji kilichotajwa hupunguza madhara hayo kwa nusu au kuyafuta, lakini si kila mpandaji atakuwa nacho, na pori linalompa farasi nafasi ya kukimbia mara nyingi liko mbali na soko la kununua mwingine. Mhusika wa tabaka la paladini huepuka tatizo hilo: kuanzia ngazi ya 5 anaweza kumwita farasi wa kiroho, ambaye akishindwa hutoweka na kuitwa tena.

Wahusika wa mbari za watu wafupi wana njia yao. Hao hupanda farasi mdogo wa vipande 30 au mbwa mkubwa wa 25, wanyama wanaokalia futi 5 tu na kupita mlango wowote, hivyo hata mahandaki hayawafungii nje. Mbwa huyo ana pointi 5 tu za uhai, kwa hiyo atahitaji kulindwa sana.

Juu ya kampeni zote hizi unasimama Pendragon, mchezo wa Greg Stafford uliotolewa na Chaosium mwaka 1985. Humo kila mhusika huwa shujaa wa farasi katika zama za Mfalme Arthur. Pigo la mkuki wakati wa shambulio la kasi hupimwa kwa nguvu za farasi, na kila majira ya baridi dadu hurushwa kujua kama mnyama amesalimika. Kampeni yake kuu huanza mwaka 485 na kuishia 566. Kwa kikundi kizima kinachopenda farasi, hakuna chaguo bora.

Kikundi chenye mpandaji mmoja ni suala jingine, kwa kuwa anayekimbia futi 60 huwaacha nyuma wenzake wa miguu na kuzingirwa peke yake. Kabla ya kuanza, mwongoza mchezo aulizwe mapigano ya nje yatakuwa mengi kiasi gani, na nani atabaki na farasi wakati wengine wakishuka mapangoni. Mpandaji abebe upanga na ngao kwa siku hizo. Kwa kuwa katika kanuni za toleo la tano za 2014 wahusika wengi hupata kipaji chao cha kwanza ngazi ya 4, kile cha upiganaji wa farasi kinaweza kusubiri mpaka ramani yenyewe imeonekana.