Likasi: Anayeyumba si lazima amelewa, huenda ubongo mdogo unaumwa

Katika mji wa Likasi, jimbo la Haut-Katanga, mtu anayeyumba barabarani asubuhi hupewa hukumu haraka. Wengine husema amekunywa lutuku, wengine husema amerogwa. Ni wachache wanaofikiri juu ya sehemu ya ubongo yenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, iliyojificha nyuma ya kichwa juu kidogo ya shingo, ambayo kazi yake ni kumwezesha mtu kutembea sawa, kushika kijiko bila kumwaga na kusema maneno bila kuyakokota.

Sehemu hiyo wanganga huiita serebela, wengine kwa Kifaransa cervelet, na kwa maneno rahisi ni ubongo mdogo. Katika mji ambao watu wengi wanaishi kwa nguvu ya mikono na miguu, kuanzia wachimbaji wa karieri hadi mafundi wa viwanda vya Shituru na vijana wa taxi-moto wa Kikula na Panda, serebela ikiharibika kazi ya mtu inakwisha. Mara nyingi heshima yake inakwenda pamoja na kazi, kwa kuwa majirani wanamhesabu kuwa mlevi.

Ndogo kwa ukubwa, kubwa kwa hesabu

Serebela ya mtu mzima ina uzito wa gramu 150 hivi, karibu sehemu moja kwa kumi ya ubongo wote. Lakini ukihesabu seli za neva, mambo yanageuka. Kati ya seli za neva zipatazo milioni elfu 86 za ubongo wa binadamu, karibu milioni elfu 69 ziko ndani ya serebela. Nyingi kati yao ni seli ndogo sana zinazoitwa seli punje, kwa sababu chini ya darubini zinaonekana kama punje zilizorundikana.

Ukiikata serebela, ndani unaona umbo kama la mti wenye matawi. Ngozi yake ya juu imekunjwa mikunjo myembamba mingi, moja juu ya nyingine, ili eneo kubwa liingie katika nafasi ndogo. Katikati kuna ukanda mwembamba unaosimamia kiwiliwili na mwendo. Pande mbili za kulia na kushoto zinasimamia mikono na miguu. Chini kabisa kuna sehemu ndogo inayofanya kazi pamoja na sikio la ndani, kwa ajili ya macho na usawa wa mwili.

Serebela imeungwa na sehemu nyingine za ubongo kwa vishikizo vitatu kila upande. Ndani ya vishikizo hivyo zinapita habari zote zinazoingia na zinazotoka.

Kazi ya kapita

Wakaaji wa Likasi wanajua kazi ya kapita. Yeye si mwenye kiwanda, wala si yeye anayebeba magunia. Anajua amri iliyotoka ofisini, anaangalia kazi inavyofanyika, na anasahihisha pale inapokwenda pembeni. Serebela inafanya hivyo. Amri ya kunyanyua mguu inatoka katika ubongo mkubwa. Nakala ya amri hiyo inapelekwa kwa serebela. Wakati huo huo, habari kutoka misuli, viungo na sikio la ndani zinaifikia serebela kueleza mguu uko wapi kweli. Serebela inalinganisha yale mawili na kutuma masahihisho kabla mtu hajaanguka.

Masahihisho hayo yanatengenezwa na seli kubwa zinazoitwa seli za Purkinje, kwa jina la mwanasayansi Mcheki Jan Evangelista Purkyně aliyezieleza mwaka 1837. Seli hizo zimepangwa mstari mmoja, na kila moja ina matawi yaliyotandazwa kama upepeo.

Habari zinaifikia seli ya Purkinje kwa njia mbili. Njia ya kwanza inapitia seli punje. Seli hizo hutuma nyuzi nyembamba zinazopita katikati ya matawi, kama waya za umeme zinazopita kwenye nguzo nyingi. Seli moja ya Purkinje inaweza kupokea ujumbe kutoka nyuzi zaidi ya 100,000 za namna hiyo. Njia ya pili inatoka sehemu ya shina la ubongo inayoitwa olivi. Hapo uzi mmoja tu unafika kwa kila seli ya Purkinje na kuizunguka ukipanda juu, kama maharagi yanavyopanda kwenye mti. Uzi huo ni mmoja, lakini nguvu yake ni kubwa.

Wanasayansi wengi wanaona kwamba uzi huo unaleta habari ya kosa. Mtu akikosea hatua, uzi unapiga, na miungano iliyoshiriki katika kosa inapunguzwa nguvu. Mwanasayansi Mjapani Masao Ito alionyesha kupungua huko miaka ya 1980. Ndiyo maana mtoto anayejifunza baiskeli anaanguka leo, na baada ya siku kadhaa anapita bila kufikiri.

Jambo linaloshangaza ni kwamba seli ya Purkinje haitoi amri ya kwenda. Kazi yake ni kuzuia. Inashika breki juu ya viini vilivyo ndani kabisa ya serebela, na viini hivyo ndivyo vinavyopeleka ujumbe wa mwisho kwa ubongo mkubwa. Breki ikishikwa na kuachwa kwa wakati unaofaa, mkono unafika kwenye kikombe na kusimama hapo. Seli za Purkinje zikifa, breki inakosa mpangilio. Mkono unapita kikombe, unarudi, unapita tena, na miguu inatafuta ardhi.

Somo lililotoka vitani

Mengi ambayo wanganga wanayajua juu ya dalili za serebela yalitoka kwenye vita vya kwanza vya dunia. Daktari Gordon Holmes, mzaliwa wa Ireland, aliwapima askari waliopigwa risasi nyuma ya kichwa, na mwaka 1917 akaandika alichokiona. Kama upande wa kulia wa serebela umeumia, mkono na mguu wa kulia ndivyo vinavyosumbuka. Ni tofauti na ubongo mkubwa, ambao upande wake wa kulia unaongoza mwili wa kushoto.

Vipimo vinavyotumika leo havihitaji mashine. Munganga anamwomba mgonjwa aguse pua yake, kisha kidole cha munganga, mara kadhaa. Anamwomba apeleke kisigino juu ya muundi wa mguu mwingine, ageuze kiganja juu na chini haraka, na atembee mstari mmoja, kisigino mbele ya vidole. Anasikiliza pia usemi wake na kuangalia kama macho yanarukaruka. Kituo chochote cha afya cha Likasi kinaweza kufanya hayo kwa dakika chache.

Lutuku na bukari bila mboga

Watu wanaosema “amekunywa” hawakosei siku zote. Pombe inavuruga kazi ya serebela usiku uleule, na ndiyo sababu mlevi anayumba na ulimi wake unakuwa mzito. Kesho yake hali inarudi. Lakini kwa mtu anayekunywa sana kwa miaka, seli za Purkinje zinakufa, hasa katika ukanda wa katikati. Miguu inaharibika kuliko mikono. Mtu huyo anatembea akitanua miguu hata siku ambayo hajaonja kitu, na lutuku, ambayo nguvu yake haipimwi wala kuandikwa kwenye chupa, inaongeza hatari.

Njaa inashirikiana na pombe. Anayekunywa bila kula anakosa vitamini B1, inayopatikana katika maharagi, karanga na nafaka isiyokobolewa. Vitamini hiyo ikipungua sana, mtu anaweza kuchanganyikiwa, macho yakakosa kwenda sawa na mwendo ukaharibika, vyote kwa siku chache. Hiyo ni hali ya haraka. Sindano za vitamini B1 zikitolewa mapema zinaweza kumwokoa. Akifungiwa nyumbani “ili pombe itoke”, madhara yanaweza kubaki maisha yote.

Mavumbi ya madini

Likasi ni mji wa shaba na kobalti, na swali la madini haliwezi kukwepwa. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa wakaaji wa kusini mwa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na viwango vikubwa vya kobalti, risasi, urani na metali nyingine. Utafiti huo ulipima metali katika mkojo, haukupima serebela, kwa hiyo hauwezi kutumiwa kusema kila anayeyumba amedhuriwa na mgodi. Lakini inajulikana kwamba risasi nyingi katika damu ya mtoto inadhuru ubongo, na moja ya dalili zake mbaya ni kushindwa kutembea sawa.

Kwa wasomaji wa Kamituga na Ituri, ambako dhahabu inakamatwa kwa zebaki, onyo ni la wazi zaidi. Moshi wa zebaki inayochomwa unaleta mtetemo na mwendo mbaya. Zebaki iliyoingia katika samaki wa Minamata, Japani, katika miaka ya 1950, iliua seli punje za serebela za watu waliowala.

Si kila mwendo mbaya unatoka serebela. Konzo, inayojulikana sana Kahemba, jimbo la Kwango, inatokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Inakaza miguu kwa kuharibu njia nyingine za neva. Mgonjwa wa konzo hutembea kwa vidole, akiwa mkakamavu. Mgonjwa wa serebela ni mlegevu na anapepesuka.

Dalili za kukimbilia hospitali

Kuna magonjwa ya serebela yanayotibika kama mgonjwa atafika mapema. Mtoto mwenye usaha wa sikio wa muda mrefu, ambaye sasa anaumwa kichwa, ana homa na anayumba, anaweza kuwa na jipu ndani ya serebela. Mtoto anayetapika asubuhi, akiumwa kichwa na kuanguka mara kwa mara, anaweza kuwa na uvimbe. Mtu mzima mwenye shinikizo la damu anayepatwa ghafula na kizunguzungu, kutapika na kushindwa kusimama, anaweza kuwa na kiharusi cha serebela. Uvimbe wa kiharusi hicho unaweza kubana shina la ubongo na kuua kwa masaa au siku chache.

Wagonjwa wa kifafa nao waangalie. Dawa kama phénytoïne, ikizidi kipimo, inaleta kuyumba kunakofanana na ulevi. Wasiache dawa wenyewe, bali warudi kwa munganga ili kipimo kirekebishwe. Na mtoto aliyetoka kwenye malaria kali ya ubongo anaweza kuyumba kwa muda. Wengi wao hupona, lakini wanapaswa kufuatiliwa.

Kwa familia, swali la kwanza la kuuliza ni hili: mwendo huu umeanza lini? Kama ni jana au wiki hii, franga za kwanza ziende hospitali. Na kama mtu anayumba siku ambayo hakunywa, majirani wakiacha kumcheka na kumsindikiza kwa munganga watakuwa wamefanya jambo ambalo yeye mwenyewe, kwa miguu yake, hawezi tena kulifanya.