William Holden: Mchezaji Sinema Aliyelipia Wanyama

Wapenzi wa sinema za zamani hawakosi kulijua jina la William Holden. Huyu ndiye yule Mmarekani wa sauti nzito aliyecheza katika The Bridge on the River Kwai, picha ya mwaka 1957 ambayo hata leo watu huiangalia. Wengi wamkumbuka kwa picha hiyo na nyinginezo, lakini si wengi wajuao kuwa mtu huyu alifanya makazi hapa Kenya, na kwamba fedha alizochuma kwa kuigiza alizitia katika ardhi yetu. Kisa chake chatuhusu, tena chawahusu zaidi jirani zetu wa Kajiado, kama nitakavyoeleza.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Aprili, 1918, katika mji wa O'Fallon, jimbo la Illinois. Jina lake la nyumbani lilikuwa William Franklin Beedle. Hilo la Holden alipewa na wenye sinema. Picha iliyomtoa ni Golden Boy ya mwaka 1939, ambamo alikuwa kijana apigaye fidla kisha akageuka kuwa mwanamasumbwi. Wakubwa wa kampuni walitaka kumwondoa kwa kuona hajui kazi, lakini bibi aliyecheza naye, Barbara Stanwyck, ambaye alikuwa na jina kubwa, alisimama upande wake na kumfundisha. Hisani hiyo Holden hakuisahau. Mwaka 1978, yaani karibu miaka 40 baadaye, alimshukuru bibi huyo mbele ya umma katika sherehe ya tuzo za Oscar.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili nyota yake ilipanda. Alicheza Sunset Boulevard mwaka 1950, na kwa picha ya Stalag 17 ya mwaka 1953 akapata Oscar ya mchezaji bora. Hiyo ya daraja la Kwai, iliyopigwa Ceylon, ilimpa mali nyingi, kwani hakuridhika na mshahara tu bali alifanya mkataba wa kupata fungu katika mapato yake.

Sasa natuje kwetu. Mwaka 1959 Holden na wenziwe wawili walinunua hoteli moja karibu na Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, iliyokuwa ikiitwa Mawingo. (Ni mawingu yetu haya haya, ila yameandikwa kwa masikio ya kigeni.) Wakaigeuza kuwa Mount Kenya Safari Club, mahali pa matajiri na mashuhuri wa dunia. Lau kama angeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika, maana hoteli ni biashara kama biashara nyingine. Lakini katika miaka ya 1960, yeye na rafiki yake Don Hunt walianzisha shamba la wanyama wa porini pale pale Nanyuki, ili wanyama watunzwe na wazaane. Wakati huo matajiri wengi kutoka ng'ambo walikuwa wakija Kenya na bunduki kuwinda. Serikali ilipiga marufuku uwindaji huo mwaka 1977. Shamba la Holden lilikuwa limekwisha kuwako kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1962 alitoka katika picha iitwayo The Lion, iliyopigwa hapa Kenya, juu ya msichana aliyesuhubiana na simba. Kitabu kilichozaa picha hiyo kiliandikwa na Mfaransa Joseph Kessel, naye alikiweka kisa chake Amboseli, ndani ya Kajiado, nchi ya Wamaasai. Pamoja na Holden walicheza watu wetu wa Afrika Mashariki, miongoni mwao Makara Kwaiha Ramadhani na Paul Oduor. Majina yao yamo katika orodha ya wachezaji, ingawa sifa zote walizipata wageni.

Nilipozuru Kiserian, chini ya vilima vya Ngong, niliikumbuka Kajiado ile ya sinema. Mji una soko la mbuzi, mabucha ya nyama choma, na shughuli tele. Pembeni mwake ardhi imekatwa viwanja, na kila kiwanja kina seng'enge. Mwenyeji wangu, mzee wa Kimaasai, aliniambia, "Sheikh, siku hizi hata ng'ombe hana pa kupita, sembuse punda milia." Upande wa Kitengela mambo ni hayo hayo, na huko ndiko wanyama wa Mbuga ya Nairobi hutokea kwenda malishoni nyakati za mvua. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa eka kwa mwaka ili wasizungushe ua. Dola nne! Mwenye mtoto wa kupeleka shule, naye amekuja mnunuzi wa kiwanja na fedha mkononi, atazikataa kwa ajili ya dola nne?

Sikusudii kumfanya Holden walii. Ulevi ulimwandama maisha yake yote. Mwaka 1966 huko Italia gari lake lilisababisha kifo cha dereva mwingine, na mahakama ikamhukumu. Tarehe 12 Novemba, 1981, akiwa peke yake nyumbani kwake Santa Monica na amelewa, alianguka akapasuka kichwa, akavuja damu hadi kufa. Maiti yake ilikaa siku nne kabla ya kuonekana. Mtu aliyejulikana na dunia nzima alikufa bila wa kumshika mkono.

Lakini lake jema nalo lisemwe. Mwaka 1982 mwandani wake, mchezaji sinema Stefanie Powers, alisimamisha wakfu kwa jina la Holden, na kando ya shamba lile kukawa na kituo ambacho watoto wa shule hufunzwa habari za wanyama na misitu. Na mwaka 2004 bongo 18, wale wanyama wa msituni wenye mistari myeupe, waliletwa kutoka Marekani hadi shamba hilo la Mlima Kenya ili kizazi chao kisikatike.

Holden aliwapenda wanyama na akatoa gharama, kwa kuwa alikuwa nacho. Mfugaji wa Kajiado naye aliishi nao karne nyingi bila malipo, na leo ndiye anayelaumiwa kwa kuuza ardhi. Mimi naona lawama hiyo si ya haki. Hoteli zapata, serikali yapata, na sisi wa pwani twapata kwa watalii wanaoshuka Mombasa baada ya kutazama simba. Anayefaidi kwa mnyama na achangie malisho yake, asimwachie mzigo mwenye ng'ombe peke yake.