Bukavu: historia inayoonekana kwa miguu, lakini kwa muda gani?

Mji wa Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu ya kusini, uko kwenye urefu wa karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Joto si kali, baridi si ya kutetemesha, na karibu kila mlima unatazama ziwa Kivu. Wengi wanausifu mji kwa hewa na kwa ziwa, kisha wanaishia hapo. Lakini Bukavu ina utajiri mwingine: historia ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho yake, akitembea kwa miguu au akipanda pikipiki. Utajiri huo unapungua kidogo kidogo, na mara nyingi hakuna anayeuhesabu.

Jina lililorudi nyumbani

Kabla ya wazungu kufika, eneo hili lilikuwa la ufalme wa Bashi, chini ya Mwami wa Kabare. Inasimuliwa kwamba jina Bukavu linatokana na neno la Kimashi linalohusu ng'ombe, kwa sababu hapa palikuwa malisho. Wabelgiji waliweka kituo chao mwaka wa 1901. Baadaye mji ukaitwa Costermansville, kwa heshima ya afisa wao Paul Costermans, mpaka miaka ya 1950 jina la wenyeji liliporudi.

Mji umekaa juu ya ndimi tano za ardhi zinazoingia ndani ya ziwa, na ndiyo maana wakaaji wanaulinganisha na mkono wenye vidole vitano uliotumbukizwa majini. Ukisimama juu Kadutu unaona mkono huo vizuri: Muhumba, Nguba, La Botte, na ng'ambo ya mto Ruzizi, milima ya Rwanda.

Katika avenu Patrice Lumumba, komini ya Ibanda, zimebaki nyumba za mtindo unaoitwa Art Déco, zilizojengwa wakati wa ukoloni. Kuzitambua si kazi ngumu. Pembe za kuta zimeviringwa badala ya kukatwa, baraza zinapinda pamoja na barabara, na madirisha yamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Hôtel Résidence ni mfano unaojulikana zaidi. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya wazungu, katika mji ambamo mwafrika alipangiwa kukaa mbali na katikati. Mikono iliyobeba mawe na matofali, hata hivyo, ilikuwa ya wana wa hapa.

Mahali ambapo taksi zinasimama

Sehemu nyingine za historia hazina ukuta mzuri wala bango kubwa. Nyawera, kwa wengi, ni mahali pa kubadilisha taksi na kununua vitu vya haraka. Hapo ndipo Askofu mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996, siku ambazo vita vilikuwa vinaingia mjini. Alikuwa amekataa kukimbia na aliendelea kuwatetea wakaaji na wakimbizi mpaka siku ya mwisho.

Miaka karibu thelathini kabla yake, mji ulikuwa umeona vita vingine. Mwaka wa 1967, mamluki wa Jean Schramme waliushika Bukavu kuanzia Agosti hadi Novemba, kabla ya jeshi la taifa kuurudisha. Kijana aliyezaliwa hapa anaweza kupita barabara hizo kila siku bila mtu yeyote kumweleza kilichotokea.

Vinyago vinavyofundisha

Katika mtaa wa Muhumba, wamisionari Waxaveri wanatunza Musée du Kivu, nyumba ya makumbusho yenye vitu vya makabila ya eneo hili. Vitu vya Balega vinastahili kutazamwa polepole. Kinyago kidogo cha mti au cha pembe ya tembo hakikutengenezwa kwa kupamba ukuta. Kilikuwa chombo cha Bwami, chama chenye ngazi nyingi, ambamo mtu alipanda kwa mwenendo wake mwema na kwa msaada wa ndugu zake. Kila kitu kilienda na methali yake, na kinyago kingeweza kushikwa mkononi, kufungwa kwenye mkono au kutundikwa, si kuvaliwa usoni tu.

Utawala wa kikoloni uliipiga Bwami marufuku, na vitu vingi vya thamani vikapelekwa Ulaya na Marekani. Ndiyo maana kila kimoja kilichobaki Bukavu kina uzito. Mtoto wa Shabunda au wa Mwenga hapaswi kupanda ndege ili aone kazi ya babu zake.

Gorila, msitu na wenye msitu

Nje ya mji, barabara ya Kavumu inafika Miti, na kutoka hapo inapanda kwenda Tshivanga, mlango wa hifadhi ya Kahuzi-Biega. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka wa 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, ina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 6,000. UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka wa 1980, kisha katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka wa 1997. Humo wanaishi gorila wa nyanda za mashariki, ambao duniani kote wanapatikana Congo peke yake.

Lakini hadithi ya hifadhi ina upande mwingine. Batwa waliondolewa katika msitu huo bila fidia, na mwaka wa 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba serikali ya Congo ilivunja haki zao. Mgeni anayeambiwa habari za gorila bila kuambiwa habari za Batwa ameambiwa nusu tu.

Si mbali na hapo kuna Lwiro, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka wa 1947, chenye majengo makubwa katikati ya bustani. Tangu mwaka wa 2002, sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi wanalelewa hapo.

Nani atalinda?

Februari 2025, waasi wa AFC/M23 waliingia Bukavu. Bila usalama, muongoza watalii, dereva na mama mpishi wa hoteli hawana mteja wa kungojea. Hakuna anayeweza kuficha hilo.

Hata hivyo vita havibebi lawama zote. Mji uliojengwa kwa ajili ya watu wachache leo unabeba umati. Parseli zinakatwa vipande vipande, majumba mapya yanasogea mpaka majini, na ukuta wa zamani ukianguka, simenti inachukua nafasi yake bila hata picha moja kupigwa. Chupa za plastiki zinazotupwa kwenye mifereji zinashuka ziwani na kwenda kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi.

Kuna kazi ambazo hazingojei watalii wa mbali. Shule inaweza kupeleka wanafunzi Muhumba au Nyawera kwa somo la historia. Ukumbi wa mji unaweza kuandika orodha ya nyumba za zamani na kukataa zibomolewe ovyo. Familia inaweza kushuka ufukweni jioni, wakati mitumbwi ya wavuvi, iliyofungwa tatu tatu, inapowasha taa na kwenda kutafuta sambaza huku wavuvi wakiimba.

Hata sambaza ni wageni hapa: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo hakuna mtu anayewaita wageni, kwa sababu Bukavu imewafanya kuwa chakula chake. Majengo, makumbusho na msitu navyo vinangoja kufanywa mali ya wakaaji wenyewe.