Mlima Ndio Unaopanga Bei ya Maji Mwanza

Kwa miaka mingi Jiji la Mwanza lilitegemea mtambo wa Capripoint, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 90 kwa siku. Mtambo mpya wa Butimba, uliojengwa kwa fedha za Serikali, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, umeongeza lita milioni 48. Kwa wakazi zaidi ya milioni 1.1 waliohesabiwa katika wilaya za jiji, Nyamagana na Ilemela, kwenye sensa ya 2022, si haba, na MWAUWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ina haki ya kutembea kifua mbele.

Ila lita za mtamboni si lita za jikoni. Maji ya kwenda mitaa ya mlimani kama Igogo au Kilimahewa juu lazima yasukumwe kwa pampu, na pampu hula umeme usiku na mchana. Presha ikishuka, wa bondeni wanaoga, wa mlimani wanamsubiri muuza maji. Uniti moja ni madumu 50 ya lita 20. Dumu likiuzwa shilingi 100 tu, uniti imefika 5,000. Mamlaka ikiomba bei hiyo kwa EWURA, mdhibiti wa bei za maji, mji mzima utapiga kelele. Mlimani watu hulipa kimyakimya.

Kwenye majitaka hesabu inageuka, kwa kuwa mlima huohuo huyateremsha bila senti ya umeme. Shimo refu la choo halichimbiki mwambani, gari la kunyonya halipiti vichochoroni, na mvua kubwa ikinyesha wapo wanaotapisha vyoo. Uchafu hufuata Mto Mirongo hadi Ziwa Victoria, tunakochota maji ya kusafisha kwa dawa za kununua. Hapo ndipo mabomba membamba ya majitaka yanayolazwa juujuu kati ya nyumba, mtindo ulioanza Brazili miaka ya 1980, yalipopata kazi Mabatini, Igogo na Kilimahewa: fundi halazimiki kupasua mwamba.

Tatizo ni kwamba bomba hilo linataka maji ya kutosha. Anayenunua kwa dumu humwaga chooni kwa kubania, na bomba huziba. Mkopo ujao ukipatikana, mimi ningeuanzia kwenye matangi na pampu za mlimani kabla ya kutafuta chanzo kingine. Uniti inayofika kwenye nyumba iliyounganishwa huko huingia kwenye ankara mara mbili, kwanza kama majisafi, kisha kama majitaka.