Swichi Kuu ya Kinu cha Posho: Je, Inashika Stima Inayovuja?



Vikundi vingi tunavyotembelea vimeachana na injini ya dizeli na kuvuta stima hadi kwenye kinu cha posho. Tunawapongeza. Lakini kuna swali tunaloliuliza kila tukiingia kinuni, na mara nyingi jibu huwa ni kimya: je, swichi yenu kuu ina kinga ya stima inayovuja ardhini?

Katika kinu kimoja tulimkuta mama msagaji amesimama juu ya ubao. Tukamuuliza, "Mama, ubao ni wa nini?" Akacheka. "Hii mashine hutekenya ukiigusa, hasa asubuhi chini kukiwa na maji." Watu walikuwa wamezoea. Lakini watoto waliotumwa kusagiwa mahindi hawakuwa na ubao, na wengine hawakuwa hata na viatu.

"Si kuna fyuzi," mwenyekiti akatuambia. Kweli ilikuwapo, na ilikuwa nzima. Hapo ndipo wengi wetu hukosea, basi tupige hesabu pamoja, polepole.

Mota kubwa hutumia laini tatu. Kati ya laini na laini ni volti 415, na kati ya kila laini na ardhi ni volti 240. Waya ukichubuka ndani ya mota na kugusa bodi ya chuma, stima hutafuta njia ya kwenda ardhini kupitia waya wa erthi na ile fimbo iliyopigwa chini. Sasa udongo haupitishi stima kama shaba. Tuseme fimbo yenu ina ukinzani wa omu 20, na hiyo ni fimbo nzuri, kwa maana kwenye mchanga mkavu hupita hapo sana. Gawanya 240 kwa 20, unapata ampea 12. Fyuzi ya ampea 60 haitajua kwamba kuna jambo. Kwake hiyo ni kama mota inasaga tu. Stima itaendelea kuvuja, na bodi ya mashine itabaki na sehemu kubwa ya zile volti 240 ikimngoja mtu.

Na mwili wa mtu hauhitaji ampea 12. Gawanya ampea moja mara elfu, kila kipande ni miliampea. Kwa miliampea 10 hivi mkono unaweza kukaza ukashindwa kuachia ulichoshika. Zikizidi 30 na zikiendelea kupita, pumzi na moyo viko hatarini.

Kinga yenyewe mafundi huiita kwa herufi tu, RCD. Kazi yake ni kama ya mweka hazina mwaminifu. Waya zote zinazopeleka na kurudisha stima hupita ndani ya pete moja, naye anahesabu. Kilichotoka lazima kirudi. Kikipungua, maana yake kuna kinachovuja kwingine, na anakata mara moja, chini ya nusu sekunde. Fyuzi haina hesabu hiyo, inajua wingi tu. Kwa hiyo zote mbili zinahitajika, hakuna inayoshika nafasi ya nyingine.

Si sisi tu tuliogundua udhaifu wa fyuzi. Kanuni za stima za Marekani, tangu toleo la 1971, zinadai kinga ya uvujaji kwenye swichi kuu za ampea 1000 na zaidi katika majengo makubwa yenye mfumo wa volti 480 kwa 277. Huko hofu ilikuwa moto: cheche kati ya laini na bodi iliweza kuyeyusha swichibodi nzima huku fyuzi kubwa zikitulia. Lakini angalieni, kinga hiyo huruhusiwa kuwekwa hadi ampea 1200. Inaokoa jengo, mtu haimwokoi.

Kwenye kinu tunapendelea mbili. Ya swichi kuu iwe ya miliampea 300 au 100, ile inayochelewa kidogo. Ya soketi na taa iwe ya 30, ikate kwanza, ili soketi moja mbovu isizime kinu kizima wateja wakiwa kwenye foleni. Fundi awe na leseni ya EPRA, ya daraja linaloruhusu laini tatu. Mwambieni awaonyeshe leseni, hiyo si dharau. Na aipime fimbo ya erthi kwa mita yake, asikisie.

Kila mwezi bonyezeni kile kitufe cha T. Isipokata, imekufa, ibadilishwe.

Jambo la mwisho ndilo linalotusumbua zaidi. Swichi ikianza kukata ovyo, kuna fundi atakayesema, "Niiruke tu, mfanye kazi." Msikubali. Zimeni kila kitu, mwashe kimoja kimoja mpaka ionekane ni kipi kinachokata. Kwa kile kinu cha ubao, fundi alifungua kisanduku cha waya juu ya mota akakuta unga umeshikana na unyevu ukawa kama ugali, na waya mmoja umechubuka. Kuufunga upya na kukaza kifuniko kulimchukua asubuhi moja. Swichi mpya ikawekwa siku hiyo hiyo, na mashine haitekenyi tena.